Nani Kasema Wamedeka?

Ikivuma habari kwamba mwanafunzi wa sekondari amejidhuru, au amegoma kwenda shule na kujifungia chumbani, hukumu hutoka kabla ya swali. Watoto wa siku hizi wamedeka. Sisi tulichapwa, tulitembea pekupeku, tulichota maji alfajiri kabla ya namba, na hakuna aliyejua sonona ni kitu gani. Utaisikia kauli hiyo kwenye kikao cha wazazi, msibani, redioni asubuhi na wakati mwingine mimbarini. Imezoeleka kiasi kwamba anayeipinga huonekana naye ni miongoni mwa waliodeka.

Mimi naipinga. Naipinga kwa sababu si kweli, na zaidi kwa sababu ina madhara makubwa kuliko wanavyodhani wanaoitamka. Kijana wa sekondari wa Dar es Salaam, sawa na mwenzake wa Mwanza au Nairobi, hajapungukiwa shida za kumkomaza. Anazo hadi zimemzidi. Alichopungukiwa ni mtu mzima wa kumsikiliza kabla mambo hayajaharibika, na kauli hii ya kudeka ndiyo inayomziba mdomo asimtafute mtu huyo.

Tuitazame siku yake, maana wengi wanaomhukumu hawajawahi kuihesabu. Mwanafunzi anayeishi Chanika au Mbagala na kusoma shule ya katikati ya jiji huamka saa 10 usiku. Lazima awahi kituoni, kwa sababu nauli yake ni shilingi 200, chini ya nusu ya nauli ya mtu mzima, na konda anaijua hesabu hiyo vizuri: kila mwanafunzi anayepanda ni nafasi ya mtu mzima iliyopotea. Basi la kwanza linampita. La pili linasimama, konda anapaza sauti kwamba anataka wanafunzi wawili tu, na kituoni wapo ishirini. Anayefanikiwa kuingia husimama njia nzima, na akibahatika kukaa ataamshwa ampishe mkubwa. Kisha anabadilisha gari na yote yanaanza upya. Akichelewa, getini yupo mwalimu wa zamu na fimbo. Jioni kuna masomo ya ziada, kuna safari ya kurudi katika foleni, kuna vyombo, wadogo zake wa kuangalia, na madaftari. Analala saa 5 usiku. Wataalamu wa usingizi wanasema mtoto wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi kila siku. Huyu amepata 5, na amefanya hivyo wiki nzima, muhula mzima, miaka minne. Ukosefu wa usingizi wa namna hiyo peke yake unatosha kumfanya mtu mzima mwenye afya awe na hasira za karibu, asahau mambo na kuona kila kitu kigumu. Mtoto akionyesha dalili zilezile tunamwita mvivu.

Nimewasikia wanaosema, hata sisi tulitembea mwendo mrefu. Ni kweli, mlitembea. Lakini mlitembea na wenzenu, kwenye njia iliyowajua, mkipita nyumba za watu waliowaita kwa majina ya wazazi wenu, na anayewafahamu angeweza kuuliza kwa nini leo unalia. Mtoto wa jijini husukumwa mlangoni mwa basi mbele ya abiria sitini ambao hakuna hata mmoja anayemjua. Taabu ya miguu ni ndogo kuliko hiyo.

Akifika darasani, mambo hayapungui. Kwa mtoto wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali, kidato cha kwanza ni kuhamishwa lugha. Miaka saba amefundishwa kwa Kiswahili, ameuliza na kujibu, pengine alikuwa wa kwanza darasani. Sasa biolojia, jiografia na historia vyote vinakuja kwa Kiingereza, na zipo shule zinazomwadhibu anayeteleza kurudi kwenye lugha anayoifikiria. Walimu wa kidato cha kwanza wanaifahamu hali hiyo: mtoto aliyeingia akiwa mchangamfu anafika mwezi wa tano akiwa kimya. Hajapoteza akili. Amepoteza njia ya kuionyesha, na kila siku anazidi kuamini kwamba yeye ni mjinga. Nani anaweza kusema kwamba hilo halimgusi mtu moyoni?

Kisha mitihani. Upimaji wa kidato cha pili, majaribio ya wilaya na mkoa, halafu Novemba ya kidato cha nne ambayo familia nzima imeisubiri tangu mtoto ana miaka sita. Matokeo huwekwa mtandaoni, na jirani anayeijua namba ya mtahiniwa haoni haya kuchungulia. Matokeo ya mtihani huo wa mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa wamepata sifuri. Serikali iliunda tume, chini ya Profesa Sifuni Mchome, na baadaye madaraja yakapangwa upya. Tulijadili mitaala, walimu, maabara na alama, na yote yalistahili kujadiliwa. Lakini wale vijana walikaa nyumbani kwa miezi wakiwa na jina la sifuri vichwani mwao, na sijui kikao kimoja kilichokaa kuuliza hali zao.

Nalishukuru Baraza la Mitihani kwa uamuzi wake wa Januari 2023 wa kuacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Ulikuwa uamuzi wa busara. Ila ushindani haukuondoka, ulihamia barabarani, kwenye mabango ya shule binafsi yenye picha za watoto waliopata daraja la kwanza, na kwenye mchujo wa mwisho wa mwaka ambapo asiyefikia wastani wa shule hulazimishwa kukariri darasa au kuhama ili asiharibu takwimu. Serikali imeshazikataza shule kufanya hivyo na bado wazazi wanalipia. Mtoto wa miaka 15 anayeambiwa na shule yake kwamba uwepo wake unaiharibia sifa amebebeshwa mzigo ambao wengi wetu tusingeuweza.

Sasa nije kwenye hoja yao kubwa: sisi tulichapwa na tuko sawa. Wanaosema hivyo ni waliobaki. Wale waliokimbia shule kwa hofu ya fimbo hawakualikwa redioni kutoa ushuhuda, wala hawapo kwenye kamati ya shule. Pia sekondari ya zamani ilikuwa ya wachache sana. Kabla ya mpango wa maendeleo ya sekondari ulioanza mwaka 2004, uliojenga shule karibu kila kata, mtoto aliyefika kidato cha kwanza alikuwa amechaguliwa kati ya wengi, mara nyingi alilala bweni la serikali, alikula chakula cha serikali, na mwisho wa masomo palikuwa na kazi inayomngojea. Fimbo aliyopigwa ilikuja pamoja na uhakika wa maisha. Leo fimbo imebaki, uhakika umeondoka. Kijana anamwona kaka yake mwenye shahada akiendesha bodaboda, halafu anaambiwa asome kwa bidii, la sivyo atachapwa.

Wala si kweli kwamba zamani hakuna aliyeugua. Historia ya nchi hii inayo kumbukumbu ambayo dunia nzima inaisoma na sisi tumeisahau. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Hali ikaenea. Kati ya wanafunzi 159 walipatwa 95, wenye umri wa miaka 12 hadi 18. Wengine ilidumu saa chache, wengine siku nyingi, na ilichanganyika na vilio, hofu na kukimbia huku na huko. Machi 18 shule ikafungwa. Wasichana waliporudi makwao, hali ikaibuka Nshamba na kwenye shule nyingine. Madaktari waliochunguza, A. M. Rankin wa Makerere na P. J. Philip, mganga wa wilaya ya Bukoba, walipima damu, wakaangalia chakula, wakatafuta vijidudu na sumu. Hawakuona kitu. Katika maelezo yao waliyochapisha mwaka 1963 limo jambo moja linalosema mengi: hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa.

Dunia imeifanya habari hiyo kuwa kichekesho, ugonjwa wa kucheka wa Tanganyika. Mimi siioni kuwa kichekesho. Ninaona wasichana wadogo waliotengwa na nyumbani, chini ya nidhamu kali, katika nchi iliyokuwa inabadilika kila kitu kwa wakati mmoja, ambao hawakuwa na ruhusa ya kusema wameelemewa, na mwili ukasema kwa niaba yao. Watafiti waliokuja baadaye nao wameielewa hivyo, kama msongo uliotafuta pa kutokea. Hapakuwa na simu ya mkononi wala katuni, na chipsi hazikuwa zimefika Kashasha. Hao ni rika la bibi zetu, wale tunaoambiwa walikuwa wagumu. Na hata leo wasichana wanapoanguka na kupiga kelele kwenye shule zetu, tunakimbilia kusema ni mapepo, tunafunga shule wiki mbili, tunafungua, na hakuna anayeketi nao kuuliza bwenini kuna nini.

Siwadharau wanaoomba dua. Sala imewashikilia watu wengi kwenye nyakati ngumu, na kiongozi wa dini anayejua kusikiliza ni msaada mkubwa kwa kijana. Ila mtoto mwenye malaria tunamwombea na tunampeleka hospitali, hatuchagui moja. Mwenye sonona anastahili vivyo hivyo.

Kuhusu fimbo yenyewe, sheria yetu bado inairuhusu, kwa mipaka. Kanuni za mwaka 1979, zilizorekebishwa mwaka 2002, zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua, na viandikwe kwenye kitabu. Nani amewahi kukiona kitabu hicho? Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Wasichana takribani 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono. Hiyo ndiyo hali ya kizazi kinachoitwa kilichodekezwa. Ukiingia darasa la wanafunzi 60 na kuwaambia wajikaze, unawaambia pia wale ambao walikwishajikaza kwa mambo usiyoweza kuyasikiliza mpaka mwisho.

Simu nayo? Ina lawama yake. Inaiba usingizi, inasambaza aibu ya mtu mtaa mzima kwa dakika moja, na msichana aliyesambaziwa picha yake ya faragha hana pa kujificha. Mzazi anayedhibiti simu usiku anafanya vyema. Lakini anayeifanya simu kuwa chanzo cha kila kitu anajipunguzia kazi ya kutazama mengine. Machi 2001, katika sekondari ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, bweni lilichomwa moto na wavulana 67 wakafa. Wanafunzi wa shule hiyo walikuwa na hasira ya matokeo ya mtihani wa taifa yaliyofutwa na ya madai ya karo. Facebook ilikuwa bado haijaanzishwa.

Kuna pia wale wanaosema haya ni maradhi ya Wazungu, au ya watoto wa mitaa ya kitajiri, Masaki ya Dar es Salaam na Karen ya Nairobi, ambao hawana la kufanya. Kenya ilifanya utafiti wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17, matokeo yakatoka mwaka 2022. Takribani 44 kati ya kila 100 walikuwa wamepata tatizo la afya ya akili katika mwaka uliotangulia, na 12 kati ya 100 walifikia kiwango cha ugonjwa kamili. Hiyo ni Kenya nzima, pamoja na watoto wasiowahi kuiona Karen. Shirika la Afya Duniani linasema nusu ya magonjwa ya akili ya ukubwani huanza kabla ya miaka 14, yaani katika umri ambao mtoto wetu anavaa sare ya sekondari kwa mara ya kwanza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa tunayaficha kwa kuyaita tabia mbaya.

Na anayefikia ukingoni, akajaribu kujiua na kuokolewa, tunamngoja na nini? Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, katika kifungu cha 217, inamhesabu kuwa amefanya kosa la jinai. Sheria hiyo tuliirithi kwa Mwingereza, naye aliifuta kwake mwaka 1961, mwaka uleule ambao Tanganyika ilipata uhuru. Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho katika sheria ya huko kinakwenda kinyume na Katiba. Wapo wanaodai kwamba kukifuta ni kuruhusu watu wajiue. Mtu aliyekwishaamua kufa haogopi mahabusu. Anayeogopa ni mama yake, ambaye atamtibu kwa siri nyumbani, na muuguzi wa zamu, ambaye atafikiria polisi kabla ya kumfikiria mgonjwa. Hofu nyingine ninayoisikia kwa walimu ni kwamba ukimuuliza mwanafunzi kama anawaza kujiua utakuwa umempa wazo. Watafiti wamelichunguza jambo hilo mara nyingi na hawakuona kuwa kuuliza kunaongeza hatari. Kwa wengi, swali hilo ndilo linalowapa nafuu ya kwanza.

Hatimaye huja hoja ya fedha, na ndiyo inayotolewa na watu wenye nia njema. Madaktari bingwa wa akili ni wachache, hospitali ya akili ya Mirembe iko Dodoma, Muhimbili imejaa, shule hazina hata madawati, wanasihi watatoka wapi? Jibu limeshapatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2021 jarida la kitabibu la JAMA Psychiatry lilichapisha matokeo ya mpango uitwao Shamiri, ulioongozwa na Mkenya Tom Osborn na wenzake. Walishirikisha wanafunzi wa sekondari 413 wenye dalili za sonona na wasiwasi. Hawakutumia madaktari. Walichukua vijana waliomaliza sekondari, wakawapa mafunzo mafupi, wakawaweka na vikundi vidogo vya wanafunzi mara moja kwa wiki, kwa wiki nne, baada ya masomo. Walizungumza juu ya uwezo wa mtu kubadilika, kushukuru, na mambo anayoyathamini maishani. Dalili zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kujisomea tu. Ilihitajika chumba, saa moja na kijana aliyeandaliwa.

Shule zetu tayari zina walimu wa ushauri na unasihi, kwa maagizo ambayo wizara imekuwa ikiyatoa kwa miaka zaidi ya 20. Tatizo ni kwamba mwalimu huyo ana vipindi vyake vyote kama kawaida, hana chumba, na katika shule nyingi ndiye huyohuyo mwalimu wa nidhamu. Mwanafunzi hawezi kufungua moyo wake asubuhi kwa mtu atakayemchapa mchana. Kwa hiyo ninayoyadai hayahitaji mfadhili. Mwalimu wa unasihi apunguziwe vipindi na asishike fimbo. Apewe chumba chenye mlango, hata kama ni stoo iliyosafishwa. Ratiba iwe na saa moja kwa wiki ya vikundi vya mazungumzo, na saa hiyo isimezwe na masomo ya ziada wakati wa mitihani, kwa sababu ndipo inapohitajika zaidi. Kifungu cha 217 kipelekwe bungeni na kifutwe. Viboko vifutwe navyo. Halmashauri inaweza pia kukaa na wamiliki wa daladala, ikakubaliana nao namna ya kuwabeba wanafunzi bila kuwadhalilisha, kwani nusu ya uchovu ninaoueleza huanzia kituoni.

Kwa mzazi nina ombi moja. Mwanao akikuambia amechoka, usimjibu kwa habari za utoto wako. Muulize amechoka na nini, unyamaze, umsikilize mpaka amalize, hata kama atasema jambo la kukuumiza. Ukiona amebadilika kwa wiki mbili, halali, hali, haongei, ameacha vitu alivyovipenda, mpeleke kituo cha afya kama ambavyo ungempeleka kwa homa. Na kama hujui pa kuanzia, au yeye mwenyewe anataka kuzungumza na mtu asiyemfahamu, Huduma ya Simu kwa Mtoto inapatikana kwa namba 116, Tanzania na Kenya pia, na kupiga ni bure.